Kambuzi Alipotiwa Injini Kubwa

Kuna siku moja, mjukuu wangu, ambayo nikiikumbuka huacha ninachokifanya na kukaa chini. Juzi ulikuja na simu yako ukanionyesha picha za vile vigari vya Kiingereza, Mini, ambavyo vijana wa mbali wanavikata pua na kuvitia injini kubwa. Niliona macho yako yanavyong'aa. Ukaniuliza, "Babu, inawezekana?" Nikanyamaza, nawe ukadhani sijui.

Inawezekana. Niliifanya kazi hiyo kwa mikono hii, hapa Bihambwe, kabla mama yako hajazaliwa. Nilinyamaza kwa sababu ndani ya jibu kuna mtu.

Gari letu, Mini vilevile, liliachwa na padri mzee aliyerudi kwao. Alimwachia Papa Bauma, fundi aliyenifundisha kazi. Lilikuwa dogo, jeupe, magurudumu yake kama sahani za bugali. Penye matope mabaya hatukuhangaika kulisukuma. Watu wanane walilinyanyua wakalivusha, wakicheka kama wanaobeba bibi harusi. Injini yake haikufika lita moja. Ililazwa kwa upana, na chini yake ilikaa giaboksi, zote mbili zikinywa oili moja kama mapacha wa titi moja. Kilima cha Nyamitaba tulikipanda kwa gia ya kwanza tangu chini hadi juu, na gia hiyo ililia kama mwanambuzi aliyepotewa na mama yake. Ndiyo maana watoto waliliita gari letu Kambuzi.

Asikudanganye mtu kwamba polepole ni aibu. Kambuzi alipoanza kulia kule chini darajani, mlima mzima ulijua. Mwenye mgonjwa alimlaza kwenye machela akamshusha barabarani, tumfikishe hospitali. Mwenye maharage ya soko alifunga gunia lake. Sisi tulipofika, watu walikuwa tayari wamesimama wanatungoja.

Na juu kule alikaa Noela.

Sitakueleza uso wake, maana miaka imeniibia nusu yake na nusu iliyobaki ni yangu. Nitakueleza kwamba alilima maharage kwa mistari iliyonyooka kama uzi, na alipocheka aliziba mdomo kwa mkono wenye udongo. Babake alikuwa amekubali nije na wazee wangu baada ya mavuno. Kila Jumapili Papa Bauma aliniazima gari, nami nikapanda kumsalimu. Kaka yake mkubwa alikuwa ananingojea mlangoni na maneno yake.

"Shemeji! Tunakusikia toka asubui. Mboga ya sombe imeiva, imekuwa baridi, na weye ungali kwa kilima!"

Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini moyoni nilichomeka. Noela aliponisindikiza aliniambia taratibu, "Muache huyo. Mimi napenda vile. Nikisikia Kambuzi iko kwa daraja, namaliza mustari yangu, nanawa miguu, navaa kitambaa. Unanipatia wakati ya kukungoja."

Mwanangu, mtu akikuambia neno kama hilo, simama. Lishike kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, na masikio yangu yalikuwa bado kwenye kicheko cha kaka yake.

Haukupita mwezi, gari moja la Kijapani likapinduka karibu nasi. Halikuua mtu, ila bodi yake ilikuwa imekwisha. Injini ilikuwa nzima, kubwa mara moja na nusu kuliko ya Kambuzi, na yenyewe pia ilikuwa ya kuvuta kwa magurudumu ya mbele. Nilimwomba Papa Bauma. Aliizunguka injini ile mara mbili, akaipiga kwa kidole kama mtu anayejaribu chungu sokoni.

"Moteri kubwa haiko mubaya," alisema. "Nitakusaidia kuifunga. Lakini siku ya kwanza gari ibakie hapa. Panda na miguu, ingia nyumba kwa nyumba, useme: mutasikia sauti ingine, ni sisi. Huku kwetu muntu haone gari. Anaisikia."

"Papa, sasa Noela nitamushangaza namna gani, kama nimeisha kumwambia?"

"Ao unataka kumushangaza, ao unataka kumuoa. Chagula moja."

Nilicheka, nikachukua msumeno.

Tulifanya kazi majuma matatu. Tulikata bati la pembeni ili giaboksi mpya ipate pa kukaa, tukachomea vishikizo vipya, tukafupisha vyuma vinavyozungusha magurudumu. Papa Bauma alikataa injini iwashwe kabla ya breki kubwa kufungwa, na breki kubwa hazikuingia mpaka tulipoweka magurudumu makubwa. Kubadilisha kimoja ni kubadilisha vyote, alisema. Boneti haikufunga tena. Tuliifunga kwa kamba. Bomba la moshi halikupata nafasi, tukalikata fupi. Nilipoiwasha, kuku wa jirani walipanda juu ya paa, nami nilijiona mfalme.

Zilikuwa wiki za habari mbaya za vita. Hilo nilipaswa kulikumbuka kuliko yote. Watu wa vilimani walilala na viatu miguuni, na furushi la kila nyumba lilikuwa mlangoni. Nilijua, maana hata mamangu alilala hivyo. Lakini anayependa hujiona yeye tu barabarani.

Jumapili ile ya kwanza nilichukua ufunguo, sikumwambia mtu. Nilivuka daraja, nikakanyaga mafuta, na kilima kile cha nusu saa kikawa cha dakika kumi. Ee Mungu, nisikudanganye: ilikuwa tamu. Migomba ilikimbia nyuma yangu, ukungu ulipasuka, nami niliimba. Niliingia uwanjani kwao, nikazima, nikatelemka nikitabasamu.

Hapakuwa na mtu.

Sufuria ya maharage ilikuwa inachemka. Jembe lilikuwa limelala katikati ya mstari, kando yake sandali moja. Nyumba ya pili, mlango wazi. Ya tatu, vivyo hivyo. Niliita mpaka sauti ikakauka. Mwishowe nilimkuta bibi yake Noela, ambaye miguu yake haikuweza tena kukimbia, ameketi kitandani na rozari mkononi, amefumba macho akingoja kufa.

"Bibi, ni mimi. Faustin."

Alifumbua jicho moja. "Faustin wa Kambuzi? Na Kambuzi iko wapi?"

"Iko inje, Bibi. Tumeitia moteri ingine."

Alifumbua na jicho la pili. "Mutoto yangu," alisema, "tulisikia camion ya vita."

Mlima mzima ulikuwa umedhani lori la askari linapanda, ukaingia porini, wazee na wajawazito na wagonjwa, kwa sababu nilitaka kumshangaza msichana mmoja.

Kwetu, aliyewatia watu mbio ndiye anayewarudisha. Papa Bauma hakunipiga. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo, akasema neno moja: "Miguu." Nilitembea siku tatu katika mianzi na migomba nikiita jina langu mwenyewe, nikiomba msamaha kwa kila familia niliyoikuta chini ya majani. Wengine walinitukana. Mama mmoja, mtoto wake akitetemeka kwa homa ya baridi, hakusema kitu. Huyo ndiye ninayemsikia hadi leo. Wote walirudi, isipokuwa nyumba moja.

Niliwafikia siku ya tatu, kwenye njia ya kushukia Walikale. Walikuwa wanakwenda Mpofi, kwa mjomba wake Noela. Nilipiga magoti mbele ya babake.

"Simama, mutoto," alisema. "Sikukasirikie. Leo ilikuwa gari yako. Kesho haitakuwa gari yako. Miguu yetu imeisha kuanza, tuache iende."

Noela alikuwa amebeba mtoto wa dada yake mgongoni, mguu mmoja bila sandali. Sikuwa nimeileta. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, na sikufikiri kuiokota.

"Kila Jumapili nilikuwa nasikiliza," aliniambia. "Na ile siku, Faustin, nilikukimbia weye mwenyewe."

Alisema bila hasira, kama anayeniomba nimweleze jambo hilo linawezekanaje. Kaka yake, yule mwenye mizaha, aliangalia pembeni. Wakaingia msituni mmoja mmoja, na msitu wa Walikale haurudishi upesi kinachoingia humo. Barabara ilifungwa. Ilipofunguliwa nilisikia ana mume mwindaji, mtu mwema, na watoto wawili. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha nikaenda nyuma ya garaji nikalia. Nami nilioa, nikapendwa, nikazaa. Usimwonee huruma bibi yako, yote haya anayajua. Majuto ni mjukuu, wanasema, nami nimemlea huyu wangu mpaka amezeeka pamoja nami.

Kwa hiyo sikukatazi, mwanangu. Leta gari lako, tutakata bati, tutachomea, na breki tutafunga kwanza. Kijana ana haki ya kutaka kupanda mlima kwa nguvu kuliko wazee wake. Lakini popote nguvu zako zitakapoongezeka, iwe ni gari, ni shule, ni cheo, wapo watu waliokuzoea ulivyokuwa, na hawawezi kujua kwamba ni wewe unayekuja. Usiwafikie kwa kishindo. Tangulia kwa miguu, keti nao, waambie kwa kinywa chako kinachobadilika. Na anayesema anapenda kukungoja, usimpunguzie kungoja kwake. Huenda ndiko kunakompa raha kuliko kufika kwako.

Mungu akupe nguvu, na akupe kwanza watu wa kuziamini nguvu hizo. Kila mlango utakaousogelea, walio ndani wasikie hatua zako na wabaki wameketi. Amina.