Udi Niliofukiza Mume Akiwa Bara

Mavyaa wangu, mamake mume wangu, hakunipenda tangu siku ya kwanza, na mimi sikumbembeleza. Tulikaa nyumba moja Mji wa Kale, yeye juu, sisi chini. Wakati wa vita mume wangu akapelekwa bara kwa kazi ya reli, nikabaki na mama yule na ulimi wake.

Basi panya akafa ndani ya dari ya chumba changu, mahali mkono haufiki. Uvundo ule, astaghafiru. Nikatia makaa chetezoni, nikafukiza udi chumba kizima, mchana kweupe, madirisha wazi.

Harufu ikapanda ngazi, mavyaa akaipokea kwa furaha. Kwetu mke hufukiza udi mumewe anaporejea safari, nguo na nywele zinukie. Hilo nani asiyelijua? Yeye akaligeuza atakavyo: udi umefukizwa, mume hayupo, kwa hivyo yuko mwanamume mwingine. Hakuja kuniuliza. Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari zangu, na mwanawe ametumiwa mtu aje anipe talaka.

Mume wangu akaja baada ya wiki mbili, amefura. Nikamweleza habari ya panya. Mavyaa akacheka, panya gani, na aonekane. Wapi! Alikwisha kauka huko darini, hata kunuka hanuki tena. Mavyaa akaendelea kusema yale yale, mke anayemngojea mume hufukiza udi, na huyu kafukiza. Nikamwona mume wangu ananitazama kama mgeni. Nikaogopa, maana nilimpenda mjinga yule.

Hapo adabu ikanishinda.

"Mama," nikasema, "mke anayemngojea mume hufukiza udi, sikatai. Lakini wewe ni mjane, na kila Ijumaa chumba chako hufuka udi mpaka barazani. Humngojea nani?"

Akainua mkono anipige. Mume wangu akaudaka, akaniambia kwa sauti kavu nikafunge vitu vyangu.

Nikajua nimeachwa. Nikafunga nguo huku nalia kwa hasira, nikiwalaani wote wawili. Nilipotoka nikamkuta mume wangu mlangoni, naye ana sanduku lake begani.

Tukapanga chumba Majengo, nyumba ya udongo, inavuja. Kila Idi mavyaa alimletea mwanawe salamu. Mimi hakuniletea hata moja mpaka anakufa, wala sikuzitaka.