Sikio la Kulia la Ng'ombe wa Mzee Loishiye

Mzee alifungua gazeti juu ya meza yangu, na ndani yake kulikuwa na sikio la ng'ombe.

Sikio zima. Limekatwa kwenye shina, damu imeganda, na inzi wawili wamesafiri nalo kutoka Misima, huko Handeni.

"Liweke kwenye mtandao," akaniambia.

Jamani, siku hiyo nilikuwa nimechoka. Naomba mlishike hilo kabla hamjaanza kunihukumu, maana mtanihukumu tu, na mtakuwa na haki.

Ilikuwa mwaka 2006, Korogwe. Mnaoukumbuka mwaka ule mnajua. Ukame umemaliza mifugo Handeni, mabwawa yamepasuka udongo, na umeme ni wa mgao. Unakuja ukijisikia, unaondoka bila kuaga.

Mimi naitwa Hiza. Nilikuwa nahudumia intaneti kafe ya Bwana Riyaz, karibu na stendi. Kompyuta sita, zinazowaka nne.

Kutengeneza tovuti nilijifundisha mwenyewe. Hakukuwa na mwalimu. Nilikuwa na CD za Linux, zile ambazo ukiziomba wanakutumia bure kwa posta, na programu ya kuendesha tovuti iitwayo Joomla, ambayo jina lake wazungu walilitoa kwenye neno letu la "jumla".

Hizi zote ni programu huria. Hulipii kitu, na ukitaka kujua zimeundwaje unafungua unasoma. Ukiona kosa ndani yake, unarekebisha mwenyewe.

Kwa maneno ni rahisi. Kuipakua Joomla peke yake kulinichukua siku nne, kwa sababu kila ikifika nusu, umeme unakata. Naanza upya.

Miezi minane nilipambana na kompyuta mbovu aliyokuwa ameitupa Riyaz stoo. Naweka seva, ile programu ya kurushia tovuti, inagoma. Nafuta, naweka tena, nafungua ukurasa, unatokea mweupe pee, hauna hata neno la kuniambia nimekosea wapi.

Hadi siku ile nilikuwa na tovuti moja tu hewani, ya kwaya ya kanisa fulani. Waliitazama mara moja, wakasema nzuri, hawakurudi.

Sasa ndiyo hapo anakuja mzee na sikio.

"Shikamoo mzee. Karibu. Hili sikio la nani?"

"Marahaba. La ng'ombe wangu. Mimi Loishiye."

Akanisimulia. Ukame ulimwachia ng'ombe watano tu, na wezi wakaja kuwachukua hao watano. Siku ya tatu waliofuata nyayo wakaliokota lile sikio porini, njia ya kwenda Mkata.

Wezi hukata sikio kwa sababu alama ya mwenye mali iko hapo. Kila mji wa wafugaji una mkato wake, na mkato huo haufanani na wa mwingine.

"Wamemkata mmoja," alisema. "Wengine bado. Watapitishwa mnadani. Mtu akiijua alama yangu atawashika."

"Hili ni sikio gani?"

"La kulia. Ncha imekatwa, unaona? La kushoto limechanwa katikati."

"Na nyumbani mnakula nini sasa, mzee?"

"Mimi sina shida. Wajukuu ni saba, wamezoea maziwa. Siku hizi wanakunywa maji ya moto yenye majani ya chai."

Aliongea polepole bila kulia shida. Mimi ndiye niliyejisikia vibaya.

Nikalibeba sikio, nikaliweka kwenye skana.

"Hiza!" Riyaz akaruka kutoka kaunta. "Nyama kwenye skana yangu? Wateja kesho wanaleta vyeti vyao hapo hapo!"

"Bosi, nitafuta."

"Utafuta na nini? Utafuta na shati lako!"

Na kweli nilifuta na shati langu. Picha nayo ilitoka nyeusi tupu, haifai.

Basi nikaamua kuchora. Nikafungua programu ya kuchorea, huria hiyo hiyo, nikachora kichwa cha ng'ombe anayekutazama usoni. Nikakata ncha ya sikio lililo upande wa kulia wa skrini. Nikachana lililo upande wa kushoto. Juu nikaandika: ALAMA ZA NG'OMBE WALIOIBIWA. Chini jina la mzee na namba ya simu ya kafe.

Mzee alikuwa ameshaondoka kuwahi gari. Hakuiona ile picha.

Nikaipandisha hewani, nikachapa nakala ishirini, nikawapa makondakta wa mabasi wazibandike Mkata na Handeni mjini. Kwa kweli nilijisikia mtu.

Wiki mbili baadaye simu ya kafe ikaita. Karani wa mnada wa Mkata.

"Wewe ndiye mtu wa mtandao? Tumekamata!"

Mwanamume mmoja aitwaye Keriako, wa upande wa Kwamsisi, alikuwa anampeleka ng'ombe wake kwenye bomba la kunyweshea mifugo. Mgambo akatazama masikio, akatazama karatasi, akamkwida kiunoni, tanganyika jeki mpaka kituoni. Keriako yuko mahabusu, ng'ombe yuko salama.

"Na mzee je?" nikauliza.

"Amekuja jana. Amemwangalia, ameweka dole gumba, ameondoka naye."

Riyaz akaagiza soda kwa wateja wote. Alisema tangu mwanzo alijua mimi nina kichwa. Habari zikaenda mpaka Tanga, na bwana mmoja aitwaye Isaka, wa shirika la kusaidia wafugaji, akapiga simu. Atakuja Ijumaa kuiona tovuti. Akiipenda, nitawatengenezea ya mkoa mzima, kwa mkataba.

Mkataba! Mimi ambaye nilikuwa nalala kwenye godoro la kuazima.

Jumanne akaja mama mmoja wa Kimasai, vumbi mpaka kwenye kope. Hakukaa.

"Wewe umechora ile karatasi?"

"Ndiyo mama. Shida gani?"

"Naitwa Nashilu. Mume wangu ni Keriako. Simama."

Nikasimama. Sijui kwa nini, lakini nilisimama.

"Nitazame. Mkono wako wa kulia uko wapi?"

Nikaunyoosha.

Akanyoosha wa kwake wa kulia, akiwa amenielekea. Mkono wake ukawa upande mmoja, wangu upande mwingine.

"Ng'ombe naye ni hivyo," akasema. "Akikutazama, kulia kwake ni huko kwingine. Sisi tunaenda nyuma ya ng'ombe, tunaona kulia ni kulia. Wewe umemchora anakutazama, halafu ukamkata kwa kulia kwako. Hiyo uliyochora ni alama yetu. Ni ya baba yake Keriako."

Nikageuka kwenye skrini.

Alikuwa sahihi. Mtu aliyechunga siku moja tu asingekosea kitu kile. Mimi nilizaliwa Korogwe mjini, ng'ombe nilimjua kwenye sahani.

"Lakini mama," nikajitetea, "mzee mwenyewe alimtambua."

Alinyoosha kidole kwenye ile picha.

Nikakaa, nikafungua picha, nikaigeuza, nikaihifadhi, nikaipandisha. Dakika mbili hazikuisha.

"Nimesharekebisha mama. Nenda, watamwachia."

"Na karatasi iliyoko polisi imejirekebisha?"

Nikaitazama printa.

"Huyo ng'ombe ana ndama," akasema. "Wiki tatu. Tulimwacha nyumbani, hawezi kutembea mbali. Mama yake hayupo siku ya nne sasa. Tunampa uji, anautema. Tumeuza mbuzi nije huku. Twende wote ukawaambie."

Semeni wenyewe, mngefanyaje?

Mimi nilihesabu siku. Leo Jumanne, Isaka anakuja Ijumaa. Nikienda kusema polisi kwamba tovuti yangu imemfunga mtu asiye na kosa, taarifa itafika Tanga kabla yake. Na mzee si alimtambua ng'ombe, huenda kuna kitu huyu mama hasemi. Nilikuwa natafuta pa kujificha, nikapapata.

"Nitakuja kesho," nikamwambia.

Kesho yake sikwenda. Nilijiambia umeme umerudi, kazi ni nyingi. Alhamisi nilikuwa nafuta vumbi kwenye skrini na kupanga viti.

Ijumaa umeme ulikaa siku nzima, kana kwamba nao unataka nipate. Isaka alikuja na viatu vinang'aa. Akaiona picha, iliyo sahihi sasa, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akanipa mkono. Nilitia saini na kalamu yake.

Usingizi sikupata. Jumamosi asubuhi nikachapa karatasi mpya, nikapanda gari la Handeni, nikashuka Misima.

Nilitaka kuanza kwa mzee, kwa sababu bila yeye polisi wasingenisikiliza. Nilimkuta mbele ya nyumba. Ng'ombe amefungwa kivulini. Wajukuu wamekaa mstari, kila mmoja na kikombe, midomo myeupe kwa maziwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ero, kijana wangu. Karibu. Umekuja kunywa maziwa?"

Nikaona nikichelewa sitasema tena.

"Mzee, nimechemsha. Alama yako niliichora kinyume. Huyu ng'ombe si wako."

Akamaliza kufunga kamba aliyokuwa anaifunga.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilijua pale pale Mkata. Mtu hasahau ng'ombe wake. Pembe si zake, rangi si yake, hata kutembea si kwake."

"Sasa kwa nini ukaweka dole gumba, mzee wangu?"

Akaongea akiwatazama wale watoto, si mimi.

"Karatasi ilisema wangu. Karani akasema wangu. Polisi akasema wangu. Watu wote waliosoma wanasema wangu, na hawa hapa wana njaa. Nikajiambia, Loishiye, leo na wewe usijue kusoma hata ng'ombe."

Nikawatazama watoto na mimi.

"Na wewe ulijua lini?" akaniuliza.

"Jumanne."

"Leo ni nini?"

"Jumamosi."

Akatikisa kichwa. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Akafungua kamba mwenyewe. Mjukuu mdogo alianza kulia, akamsemesha kidogo kwa Kimaa, akanyamaza. Tukapata lori la magunia linalorudi Mkata, tukampakia ng'ombe, tukakaa naye nyuma.

Polisi alituuliza karatasi ipi ni ya kweli, ya kwanza au hii mpya. Mzee akamjibu kabla yangu.

"Mimi ndiye nilisema uongo. Karatasi ilikosea tu."

Jamani, maneno hayo yalinichoma. Mzee wa watu alibeba na mzigo wangu. Nikasema na mimi, nikaeleza yote, mpaka zile siku nilizokaa. Askari akatutazama wote wawili kwa zamu, akaguna, akaenda kuchukua funguo.

Keriako alitoka. Alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe wake, akamshika kwenye nundu.

Tulifika kwake alasiri. Nashilu alikuwa mlangoni. Sikumwona ndama.

"Alikufa Alhamisi," alisema.

Ng'ombe naye alifika akiita. Aliita kuelekea kila upande wa boma. Nashilu akaingia ndani, akatoka na ngozi ndogo iliyokaushwa, akailaza chini mbele ya pua ya ng'ombe. Mimi sikujua maana yake. Keriako ndiye aliyeniambia kwamba ndama akifa hufanya hivyo, ili mama aendelee kuachia maziwa.

Ng'ombe akainusa ngozi. Akaanza kuilamba, taratibu, upande mmoja mpaka mwingine. Maziwa yakashuka, Nashilu akakamua.

Alipomaliza akamimina kwenye vikombe viwili, kimoja akampa mzee Loishiye, kingine akanipa mimi. Sisi ndio tulikuwa wageni.

Nilitaka kukataa. Mzee akanifinya mkono.

"Kunywa," akaninong'oneza. "Ukikataa utakuwa umewatukana mara ya pili."

Nikanywa. Yalikuwa ya moto bado. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

Ng'ombe wale watano hawakupatikana mpaka leo. Nashilu alimtumia mzee kibuyu cha maziwa kila gari lilipopita, mpaka mvua zikanyesha. Hilo sikulitegemea, na sijui kama mimi ningeliweza.

Isaka nilimweleza yote Jumatatu. Nilidhani atachana mkataba. Akacheka akasema, "Makosa madogo hayo Hiza, kila mfumo unayo." Kwa hiyo kazi nilipata, na ndiyo ninayofanya mpaka leo. Ndiyo maana nimekaa na habari hii miaka yote hii, inanichosha, na leo nimeamua kuitua.

Nyie vijana mnaojifunza, jifunzeni. Zana ni bure, na siku hizi umeme hausumbui kama zamani. Lakini kabla hujapandisha hewani kitu cha mtu, mwite mwenyewe akitazame kwanza.

Na siku ukigundua umekosea, usikae kungoja mgeni wako aondoke. Funga kafe, panda gari siku hiyo hiyo, hata kama umeme ndio kwanza umerudi.