Jina Nililoliruka Siku ya Proklamasyo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni kabla ya mlinzi. Nilikuwa na suruali moja ya maana, kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na barua ya kuteuliwa niliyoikunja mara nne. Ilikuwa shule ya msingi mjini Bukavu, kwenye mteremko wa Kadutu, ambako mvua ikinyesha watoto waliingia darasani na nusu ya barabara miguuni. Mkuu wa shule, ambaye wote tulimwita Direkteri, alinipokea akiwa amesimama. Alitazama viatu vyangu kwanza, kisha akanipa chaki niandike jina langu ubaoni.

"Musié, mwandiko uko muzuri," aliniambia, kwa kuwa mwalimu kule huitwa musié, yaani bwana. "Lakini sikia. Hapa mwalimu hakosake. Akikosa, anafuta ubao mbiyo, batoto basione."

Nililishika neno hilo kuliko nilivyoishika katekisimu.

Vijana mnaofundisha leo, hasa ninyi mnaoupiga ubao picha kwa simu, mniwie radhi nikieleza kazi ilivyokuwa. Kila jioni niliandika fishi, yaani karatasi ya matayarisho ya kila somo: lengo, maswali, na majibu niliyoyatarajia. Kisha nilinakili muhtasari wake katika jurnali ya darasa, daftari kubwa ambalo Direkteri alilitia sahihi kabla kengele haijalia. Insha nilizisahihisha kwa wino mwekundu, na nukta iliyosahauliwa ilikula nusu alama. Wanafunzi wakanibandika jina la Mwalimu Nukta. Nililijua, na kimoyomoyo nilijivunia.

Kilele cha mwaka kilikuwa proklamasyo, siku ya kutangaza matokeo. Wazazi walikuja wamevaa vizuri, watoto wakasimama uwanjani, na mwalimu akapanda ngazi za ofisi na palmaresi mkononi, yaani orodha ya waliopita, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Namba hatukuzisoma, tulisoma majina tu. Watu walihesabu wenyewe. Aliyesikia jina lake alitoka mbio kwenda kupanga mstari mbele, na ndugu zake wakammwagia poda kichwani mpaka akawa mweupe kama mtu aliyetoka kusaga unga. Walioanguka hawakusomwa. Orodha ilipoisha walibaki pale uwanjani, na kila mtu aliwaona. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yao, nami sikuwahi kuuona ubaya wake.

Mwaka ninaousema nilikuwa na darasa la sita, la mwisho katika shule ya msingi. Kulikuwa na msichana mmoja, Nabintu, mtoto wa fundi viatu. Hakuwa msemaji, ila daftari lake lilikuwa safi, na katika palmaresi yangu alikuwa wa nne. Baba yake alikuja amevaa koti siku ya joto, na mfuko wa koti umevimba kwa kopo la poda. Nikasoma wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tatu alikuwa mtoto wa tajiri mmoja wa sokoni. Ukoo mzima ulivamia uwanja kwa vigelegele, na poda ikanipata hata mimi machoni. Nikajifuta kwa kidole kilekile kilichokuwa kinashika mstari. Niliporudi kwenye karatasi nikasoma jina la Pascal, aliyekuwa wa tano, nikaendelea hivyo hadi chini.

Nilipomaliza nikawahesabu waliopanga mstari. Karatasi ilisema thelathini na wawili. Mbele yangu walikuwa thelathini na mmoja. Nikainua macho, nikamwona Nabintu kati ya waliobaki, ameshika pindo la sketi yake, anakitazama kinywa changu, bado akidhani kuna jina limesalia. Direkteri alikuwa ameshaanza hotuba ya kufunga mwaka. Nikamnong'oneza. Hakugeuza hata shingo.

"Mbele ya bazazi? Hapana. Atakuja kukamata buletini yake, ataona mwenyewe."

Buletini ni karatasi ya alama, ambayo mzazi aliichukua ofisini siku zilizofuata. Lakini mzazi wa aliyeanguka haji. Anaona haya kupita mbele ya wenzake, na hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Kwao Nabintu palikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu. Sikwenda. Siku ya kwanza nilisema nitakwenda kesho. Siku ya tatu nikasema baba yake atanitukana mbele ya majirani. Wiki ya pili nikaanza kusema kosa ni la Direkteri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila tumbo lililoumia halikuwa langu. Shule ilipofunguliwa tena, Nabintu hakuandikishwa popote. Nilisikia yuko sokoni, anauza makaa. Buletini yake ilibaki kwenye droo ya ofisi, na vita vilipokuja, droo na ofisi vikaenda pamoja.

Nilifika Uganda nikiwa tayari na mvi. Pale Kabazana, wanapolala wakimbizi wapya kabla ya kugawiwa viwanja, nilikuwa kwenye foleni ya maji niliposikia mtu akinipokonya kidumu changu.

"Mwalimu Nukta! Ni wewe? Leta, mi nitabeba."

Alikuwa Nabintu. Sasa alikuwa mama wa watoto wanne, mwenyeji wa miaka mingi wa kambi hiyo ya Nakivale, na siku hiyo alikuja kumpokea shangazi yake. Jioni alinipikia foufou na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu, akaniwekea sahani ya kwanza kabla ya shangazi. Nikamshukuru kwa maneno mengi. Neno moja nililopaswa kulisema sikulisema, si mwaka ule wala miaka iliyofuata.

Kazi niliipata katika shule moja ya humo kambini. Hedmasta alikuwa Mnyankore mpole, mwenye tabia ya kusahihisha madaftari akitembea.

"Mzee, wewe najua hii kazi sana," aliniambia. "Lakini hapa bitabu yote ni ya Kingereza. Sasa wewe saidia mwalimu wa P.2 kwanza."

"Sawa, sebo," nikajibu, kwa lile "bwana" la kwao.

Basi mtu aliyefundisha darasa la sita akawa msaidizi wa darasa la pili, akijifunza Kiingereza pamoja na watoto wa miaka saba. Wenzangu walinionea huruma. Mimi kwa hilo sikuona haya hata kidogo. Haya zangu zilikuwa na kazi nyingine. Kila mavuno Nabintu aliniletea maharage, nami niliyapokea kwa mikono miwili. Binti zake aliwaambia, nikiwa nimekaa hapohapo, wasome kwa bidii wasije wakawa na kichwa kizito kama cha mama yao. Nilitazama chini. Nilistaafu magoti yalipokataa ubao, nikiwa bado na lile neno.

Mwaka huu wanafunzi wangu wa zamani wa Bukavu, waliotawanyika Nakivale, Kaberebere na Mbarara, walitafutana kwa simu, wakakodi ukumbi nyuma ya hoteli moja mjini Mbarara. Mwenyekiti alikuwa Pascal, ambaye sasa ni fundi cherehani hapo mjini. Walinikalisha kiti cha mbele, chenye kitambaa. Wakamkumbuka mwalimu wa hesabu aliyesinzia macho yakiwa wazi, wakaiga kikohozi cha Direkteri, wakazihesabu nukta zote nilizowanyima alama. Walicheka mpaka wakajifuta machozi. Kisha Pascal akasimama na karatasi.

"Tunapenda Mwalimu atusomee tena proklamasyo," alisema. "Majina ya benye beko hapa, vile alikuwaka anasoma. Na mujue, mimi nilikuwaka wa ine."

Wakapiga makofi, wakasogeza meza. Nabintu akainuka akicheka, akaenda kusimama peke yake karibu na mlango.

"Mimi fasi yangu iko huku," alisema. "Nilianguka. Tusidanganye Mungu."

Ukumbi ukacheka naye. Nikasimama. Wa kwanza alifia vitani, kwa hiyo nilianza na wa pili, kisha wa tatu. Wakapanga mstari kama watoto. Nikaweka kidole kwenye karatasi, ingawa alipostahili kuwa hapakuandikwa kitu, nikasema, "Nabintu."

Wakacheka tena na kupiga makofi, wakidhani namfariji.

"Mwalimu, usinichekelee," alisema kutoka mlangoni.

"Sikucheki, mwanangu. Ulipita. Ulikuwa wa nne. Niliruka jina lako."

Makofi yakapungua, yakaisha. Mmoja wao nyuma akaanza kumwambia Pascal kwamba basi ameshuka hadi wa tano, mwenzake akamvuta shati.

"Ulijua siku gani?" Nabintu aliuliza.

"Siku ileile. Ukiwa bado uwanjani."

"Na kule Kabazana, ulijua?"

"Nilijua."

"Foufou yangu yote ulikulaka na hii neno mu kinywa?"

Miaka yote ya kuandika fishi, na majibu niliyoyatarajia, na jibu la hili sikuwa nimeliandaa.

"Baba alikufaka akijua nilianguka," alisema, bila kupandisha sauti. "Ile kopo ya poda aliiweka juu ya kabati. Hakuifungulaka. Akasema atanunulia wadogo zangu ingine, hii haina baraka." Akachukua mkoba wake, akatoka. Mimi nilirudi kukaa kwenye kile kiti cha kitambaa kwa sababu hapakuwa na kingine.

Vijana wa kazi hii bado hunitembelea, wakiniuliza siri ya ualimu. Zamani ningewaambia mwandiko, fishi na nukta. Sasa nawaambia ukikosea, futa ubao polepole, watoto wote wakikuona, na ikibidi mfuate mtoto hadi kwao jioni ileile, hata kama baba yake atakutukana. Matusi ya mzazi yanapoa. Haya hazipoi, mimi nina hizi tangu nikiwa na nywele nyeusi.

Wiki mbili baada ya Mbarara, Nabintu alikuja kwangu. Hakuleta maharage, na alikataa kiti.

"Nataka buletini yangu," alisema.

Nikachukua karatasi ya daftari na rula, nikaipiga mistari kama zile za zamani. Alama za kila somo sikuzikumbuka, na sikutaka kubuni, nikaziacha wazi. Niliandika jina lake lote, darasa la sita, wa nne kati ya waliopita, kwa mwandiko ule ambao Direkteri aliusifu. Nikatia sahihi yangu. Chini nikaweka mistari miwili ya mwisho, kwa mazoea tu, kwa kuwa kila buletini ilikuwa nayo: sahihi ya Direkteri, sahihi ya mzazi.

Aliipokea akaisoma, kidole kikifuata mstari, kama nilivyowafundisha. Kidole kikashuka polepole hadi chini kabisa, kikasimama kwenye sahihi ya mzazi.

"Na hapa," aliuliza, "nani atasinya?"

Nilimwambia sijui. Kisha akaikunja mara nne, akaenda nayo.