Mstari Uliopandishwa na Kiu

Kazi ya Nei Rotia, yaani Bi Rotia kwa lugha ya kwao, ilikuwa kuhesabu moshi. Kwa miaka kumi na minne alikaa katika ofisi moja ya serikali huko Tarawa Kusini, mji mkuu wa visiwa vya Kiribati, akikusanya takwimu za dizeli iliyoshushwa melini, petroli ya pikipiki na boti, taka zinazooza ufukweni, hata nguruwe waliofungwa nyuma ya nyumba, maana samadi yao nayo hutoa gesi inayoongeza joto duniani. Kila mwaka Kiribati ilipeleka taarifa hiyo ng'ambo, na aliyeiandaa alikuwa yeye.

Majirani walimtania. "Mama Moshi, leo umenusa jiko la nani?" Rotia alicheka tu. Alijua kuwa moshi wa visiwa vyao vyote, ukiuweka kando ya moshi wa dunia, huuoni hata kwa miwani.

Kicheko kilimwisha mwaka ule bahari ilipovuka barabara ya kijiji cha babake, katika kisiwa cha Abaiang. Ten Iotebwa, yaani Bwana Iotebwa, mzee wa miaka sabini na mitatu, alikuwa na mashimo mawili ya babai, yale magimbi makubwa yanayopandwa chini kabisa, mizizi ikigusa maji baridi. Kila mche aliuzungushia kikapu cha majani ya mkadi, akaulisha mboji kwa mkono wake, mingine kwa miaka kumi. Kijiji kikipata wageni wa heshima, babai la Iotebwa ndilo lililotangulia kuwekwa mbele yao. Sasa maji ya bahari yalikuwa yameingia mashimoni, na baada yake mvua ikakatika kwa miezi minane.

Rotia alipanda boti kwenda kumwona. Alimkuta shimoni, tope limemfika magotini, akichota maji na kuyamwaga nje.

"Baba, unafanya nini humo?"

"Natoa chumvi."

"Chumvi haitolewi kwa ndoo. Inapanda kutoka chini."

"Wewe umesomea moshi, hukusomea babai. Shuka unisaidie."

Alishuka. Walichota mpaka jua likawa utosini. Kesho yake maji yalikuwa pale pale, na majani yamekauka kingoni kama yaliyobabuliwa na moto. Visima vya kunywa navyo vilikuwa vimeharibika. Wiki hiyo mtoto wa jirani, wa miezi saba, alikufa kwa kuharisha. Rotia alikaa msibani siku mbili, akarudi Tarawa.

Haukupita mwezi, ombi la Abaiang likafika mezani kwake, kwa kuwa kila ombi la injini mpya lilipitia kwake kwanza. Vijiji vitano vilitaka mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji. Betri za umeme wa jua zilikuwa zimekufa, kwa hiyo mitambo ingeendeshwa kwa jenereta za dizeli. Bosi wake, Ten Bureimoa, aliisoma karatasi huku amesimama.

"Tumeahidi kupunguza dizeli, Rotia. Mstari wako wa moshi kwenye chati unapanda mwaka wa tatu huu. Leo unaniletea jenereta tano?"

"Watu wanakunywa chumvi, bosi."

"Unadhani sijui? Dada yangu yuko kule. Lakini mstari ukizidi kupanda wafadhili watasema hatuna nia, na paneli za jua tulizoomba tusizione."

"Basi nisizihesabu."

Bureimoa akaketi. Katika miaka kumi na minne Rotia hakuwahi kuruka hata nguruwe mmoja.

"Hesabu," Bureimoa alisema mwishowe. "Hesabu zote. Nitasaini."

Jenereta zikaenda. Taarifa ilipokaguliwa, Rotia aliitwa kwenye kikao cha kompyuta na mkaguzi mmoja, mwanamke wa nchi ya baridi, shingoni ana skafu nene. Kwa adabu kabisa, mwanamke yule aliomba aelezwe sababu ya ongezeko. Rotia alikuwa ameandika jibu, lakini hakulisoma.

"Watu walikuwa na kiu," alisema. "Tulichoma dizeli tupate maji. Maji yetu yameharibiwa na bahari, na bahari inapandishwa na moshi ambao haumo kwenye jedwali langu. Sijui niuandike wapi."

Yule mwanamke aliinamisha uso. "Pole sana, dada. Lakini nahitaji maelezo yanayotosha kwenye kisanduku."

Rotia akaandika: mahitaji ya nishati yameongezeka.

Mitambo ilitoa maji ya kunywa tu, lita ishirini kwa nyumba. Baada ya muda majirani walimpigia simu: mzee wako anakonda, nusu ya maji yake anayamwaga shimoni. Rotia akapanda boti tena.

"Baba, hayo ni maji ya kunywa."

"Na babai nalo linakunywa."

"Utakufa kwa ajili ya magimbi?"

"Shimo hili lilichimbwa kwa makombe ya chaza, kabla hata chepe hazijaletwa hapa. Waliolichimba walinipa mimi. Nikiliacha mimi life, nitakutana nao kwa uso gani?"

Rotia alishuka shimoni. Akashika mche mkubwa kuliko yote, akauvuta. Ulitoka bila ubishi. Gimbi lilikuwa limelainika, likamwachia maji meusi mikononi, na harufu yake ikamfanya ageuze uso. Iotebwa alilipokea, akalipasua kwa vidole, akachungulia ndani. Kisha akaketi ukingoni akalia bila sauti. Rotia hakuwahi kumwona babake akilia.

Mwisho wa mwaka mzee alikubali kuhamia kwake. Familia nyingi nazo zilihama. Nguruwe walichinjwa wote kwa kukosa maji ya kuwapa, na vijiji viwili vilizima jenereta kwa sababu waliobaki walihesabika kwa vidole. Rotia alipojumlisha takwimu, mstari ulikuwa umeshuka. Barua ikaja kutoka ng'ambo kuwapongeza. Bureimoa aliileta mwenyewe, akailaza kifudifudi mezani.

"Usiisome leo."

"Nimeshaisoma, bosi. Nakala ilinifikia jana."

Iotebwa hakumaliza mwaka mjini. Alikaa mkekani siku nzima, wali wa dukani akiula kama dawa, na jioni moja ya Aprili akaomba arudishwe kwao. Alirudishwa akiwa maiti. Wachimbaji walipofika kiunoni kaburi likaanza kujaa maji. Mmoja aliyaonja kwenye ncha ya kidole, akamtazama Rotia, akatikisa kichwa. Ikabidi wafukie kidogo na kumlaza juu juu, karibu na uso wa ardhi.

Jumatatu Rotia alikuwa kazini. Meli ya mafuta ilikuwa imefika, na hapakuwa na mwingine wa kuihesabu dizeli yake.