Aliyenipa Damu Sasa Wanamwita Ndugu Yangu

Kisa hiki tumekipata kutoka kwa msomaji wetu wa kike, upande wa Kasigau. Jina lake tunalo, lakini hatulitoi. Someni, kisha mumjibu.

Wasomaji wenzangu, mimi ni msichana wa miaka ishirini na mmoja. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kwa hiyo haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Nimechumbiwa na kijana wa kwetu anayefanya kazi ya reli pale Voi. Au niseme nilikuwa nimechumbiwa. Hata sijui niseme vipi, na hilo ndilo lililonifanya niwaandikie.

Mahindi yalipoanza kukomaa, tembo walituingilia shambani asubuhi, umande haujakauka. Nilikuwa peke yangu na panga. Nikapiga debe, nikapiga mayowe, wapi! Mmoja akatanua masikio akanijia. Nikakimbilia kwenye mawe, nikateleza, nikaangukia panga langu mwenyewe, likanipasua paja hadi mfupani. Kaka zangu wawili walinibeba juu ya kitanda cha kamba mpaka barabarani, wakasimamisha lori, wakanifikisha hospitali. Kwa hilo nawashukuru, siwanyimi haki yao.

Daktari akawaambia, "Dada yenu ameishiwa damu. Mmoja wenu atoe yake tumtilie, la sivyo jioni haifiki." Nilikuwa nasikia kwa mbali. Kaka mkubwa akauliza, "Yaani itoke mwilini mwangu, iingie kwenye chupa?" Akaambiwa ndiyo. Lahaula! "Hawa ni mumiani!" akapiga kelele, akiwadhania wale wanaosemwa kuwa huwanyonya watu damu wakaiuze. Wakatoka mbio wote wawili, na yule mdogo hata kofia yake aliiacha kwenye benchi. Wanaume walionibeba kwenye mawe yote yale walishindwa na sindano. Baada ya hapo nilizirai.

Habari zikamfikia mchumba wangu stesheni. Alikuja na grisi mikononi, akakunja mkono wa shati, akalala kitanda cha pili. Damu yake ikaonekana inapatana na yangu. Nilipofumbua macho nilimkuta amekaa kando yangu anakunywa chai, akanitania, "Sasa hata ukinikasirikia, utakuwa unajikasirikia mwenyewe." Nilicheka, ingawa paja liliniuma vibaya. Mjinga mimi, nilidhani siku ile ndiyo tumeoana.

Niliporudi nyumbani, baba mkubwa, aliyetulea tangu baba yetu afariki, akaziita familia zote mbili. Pombe ya uchumba ilikwisha nywewa zamani, nikadhani tunapanga siku ya arusi. Kumbe! Akasema, "Watu wakitaka undugu huchanjana, wakalambishana tone la damu. Tone moja tu, na watoto wao hawaoani. Huyu binti ametiwa chupa nzima. Basi kijana ni ndugu yake, na ndugu haoi dada yake."

Nikamwambia, "Baba mkubwa, ile ilikuwa dawa. Nani alikula kiapo pale?"

Akanijibu polepole, "Ndugu ni kufaana, mwanangu, si kufanana. Huyu amekufaa kuliko hawa." Akawanyoshea kidole kaka zangu. Na wao, bila haya, wakaitikia, "Kweli kabisa, mzee." Wale wale! Waliokimbia mumiani ndio leo mabingwa wa mambo ya damu. Nilitamani kuwatupia gongo langu la kutembelea. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwetu akikufaa kwa dhiki hufanywa ndugu, ili asikuoe.

Baba mkubwa angekuwa na hila, ningemchukia nikapumzika. Lakini anaogopa kwelikweli. Anaamini watoto wetu watakufa wachanga. Mchungaji anasema hayo ni mambo ya giza, ila yeye hafungishi ndoa wazee wakikataa. Mama wa mchumba wangu, aliyezoea kuniita mkazamwana, siku hizi ananiita mwanangu. Neno lenyewe tamu, lakini likitoka kinywani mwake natamani kuziba masikio.

Sasa sikieni yaliyonifika juzi. Paja limetunga usaha ndani. Daktari anasema lazima nipasuliwe tena, na damu itahitajika tena. Kaka zangu walipoambiwa, yule mkubwa akasema, tena kwa sauti ya mtu aliyetoa shauri zuri, "Si ana ndugu yake huko Voi? Atoe yeye."

Wakamwita. Alikuja Jumapili, hakuketi kando yangu kama zamani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nitatoa, dada," akasema.

Dada! Tangu tujuane ameniita majina mengi, hilo hajawahi. Nikamwuliza, "Na wewe unaamini?"

"Siamini," akasema. "Lakini mama analia kila siku. Mimi ni mmoja, nitashindana na watu wangapi?" Akavaa kofia yake akaenda zake. Nililia mpaka kichwa kikauma.

Basi wasomaji, nimekwama. Nikiikataa damu yake, mguu utaoza na mimi nitaoza nao. Nikiikubali, wazee watasema undugu umetiwa mara ya pili, na safari hii kwa ridhaa yangu. Mara ya kwanza sikuwa najitambua, hakuna aliyeniuliza. Juma lijalo nitalala pale kitandani macho yangu wazi, yeye upande wa pili amekunja mkono wa shati, na daktari ataniuliza kama nakubali. Nishaurini ndugu zangu, maana ninyi angalau hamjanipa damu: nimjibu nini?