Ubao wa Mkulo Jikoni kwa Eliwaza

Wanawake wote wa kijiji cha Mamba, huko milimani Upare, walipika wamekaa kigodani, isipokuwa Eliwaza. Yeye alipika amesimama mezani, na majirani walimcheka mpaka wakachoka. "Amesimama kama anahubiri," alisema Lydia wa nyumba ya chini. "Siku moja atatuzungushia na sahani ya sadaka." Eliwaza alicheka nao. Hawakujua kwamba tangu amzae Eunike mgongo ulimuuma hata kuinuka kigodani akawa anaomba kushikwa mkono. Wala hawakujua kwamba hiyo meza waliyoicheka ilikuwa inamtia hofu kila siku anayoamka.

Aliiona meza ya namna hiyo misheni, alikokuwa akimpikia muuguzi wa Kizungu kabla hajaolewa. Ubao mmoja mpana, umejengewa ukutani, kimo cha kiuno. Unakatia mboga hapo, unakandia unga hapo, unafuta, basi. Mumewe, Sefania, alikuwa seremala, kwa hiyo Eliwaza alipomwomba hakuona kama ni jambo kubwa. Sefania akaleta ubao wa mkaratusi. Masika hayakwisha ukapasuka katikati. Akaleta wa mkuyu. Ukanywa maji, ukaota ukungu, wadudu wakautoboa na vumbi lao likawa linadondokea kwenye unga.

"Baba Eunike," akasema Eliwaza, "ule wa misheni ulikuwa wa mkulo."

Laiti angeuma ulimi wake. Mkulo hauliwi na mdudu, haunywi maji, na siku hizo haukuwa mali ya mtu yeyote ila Serikali. Mikulo mikubwa iliyobaki ilikuwa huko juu msituni, ndani ya mpaka waliouweka Waingereza. Ubao halali ulipigwa nyundo ya Serikali kwenye ncha, alama ikazama ndani ya mti. Aliyekutwa na ubao usio na alama aliteremshwa Same amefungwa mikono. Eliezeri wa Bombo aliteremshwa hivyo, akapasua mawe miezi minane, akarudi anakohoa, na hakuyaona mavuno yaliyofuata. Eliwaza aliyajua yote hayo. Aliutaja mkulo kama mtu anavyotaja nyama siku ya njaa, hana hili wala lile. Lakini Sefania hakujua kumnyima mkewe kitu. Alipotea siku tatu za ukungu mzito, akarudi na ubao alioufunika kwa majani ya mgomba.

Ncha isiyo na alama aliichomeka ukutani na kuikandika udongo, kisha akajipangusa mikono kwa raha. Seremala mzima, akasahau kwamba mkulo una harufu! Ukipata moto au maji ya moto, unatoa harufu kali ya dawa inayofika mpaka njiani, na mtu wa msitu akiinusa mara moja haisahau.

Basi maisha ya Eliwaza yakawa ya kuulinda ubao. Hakuthubutu kuweka juu yake sufuria iliyotoka motoni. Aliusugua kwa majivu, akaupaka mafuta ya ng'ombe, akakatia vitunguu hapo hata siku ambazo hapiki vitunguu. Akisikia buti njiani alitupa kitambaa juu ya ubao kama anayefunika maiti. Na mgongo wake ulikuwa umepona! Ubao ulikuwa laini, rangi yake imeiva, unga haung'ang'anii. Aliupenda, na alijichukia kwa kuupenda.

Mwaka huo wa hamsini na moja akaletwa askari mpya wa msitu, Asheri, mtu wa Usangi, mpole wa sauti. Wapole ndio Eliwaza aliowaogopa zaidi. Siku moja mchana mvua ilimkuta Asheri karibu na nyumba yao, akapiga hodi jikoni, maana ndiko kulikokuwa na moshi.

"Karibu, bwana askari," Eliwaza akasema, akimsogezea kigoda.

Asheri akakaa karibu na mafiga, akaota moto. Birika likachemka. Eliwaza alikuwa ameinama kutafuta kikombe, na alipoinuka alimwona mgeni, kwa adabu zake zote, amelinyanyua birika motoni na kulitua juu ya ubao.

Harufu ikapanda na kujaa jiko. Asheri akavuta pumzi ndefu. Moyoni Eliwaza alimwona Sefania anateremka mlima amefungwa; alimsikia akikohoa. Askari akasimama, akaupitisha mkono juu ya ubao taratibu mpaka ukutani, akabandua udongo kwa ukucha. Akachungulia ncha.

"Nyundo haikupita hapa," akasema.

"Ni mimi, baba," Eliwaza akasema, machozi yakimdondoka. "Mume wangu hakutaka. Mimi ndiye niliyesema mkulo. Nichukue mimi."

Asheri akarudi kukaa, akanyoosha mkono apewe chai. Alipuliza, akanywa.

"Mke wangu anapika ameinama," akasema. "Naye mgongo unamsumbua. Huu wenu una mapana gani?"

Eliwaza hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliona ni afadhali angefungwa pingu.

"Nataka mrefu kuliko huu kwa shubiri mbili," Asheri akaendelea, kwa upole uleule. "Mwambie Baba Eunike aende Jumatano. Mimi nitakuwa upande wa pili wa msitu, sitaona wala kusikia. Ila tumeletewa askari mwingine kutoka Same. Huyo sijui zamu yake."

Nje Sefania alikuwa anakuja mbio kutoka shambani, gunia kichwani, akipiga mluzi mvuani. Eliwaza akaushika ukingo wa ubao.

"Huyo mwenzako," akauliza, "ana mke?"

Asheri akamaliza chai yake, akaweka kikombe chini.

"Wawili," akasema.