Dozi za Nyumbani

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni kinyozi. Nasema ni, sisemi alikuwa, kwa sababu ufundi hauvuliwi kama shati. Mtaani walimwita Chanuo, na kabla unga wa heroini haujamkamata watu walikuwa wakisubiri kiti chake huku viti vya vinyozi wengine vikipigwa na upepo. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Anakunyoa kidevu huku anakusimulia umbea, ukija kushtuka umeshapakwa spiriti na machozi yanakutoka, hujui ni ya kicheko au ya spiriti. Kisha akaanza kuvuta. Mashine zake zikaondoka, kioo kikaondoka, na siku moja mama akiwa amelala akipigwa na feni, mjomba akachomoa waya akaondoka na feni. Mama aliamshwa na joto. Akasema basi.

Ndipo kliniki ikaingia maishani mwetu. Iko nyuma ya hospitali, ubavuni mwa stoo ya vitanda vibovu, kana kwamba waliamua vitu vilivyovunjika vikae pamoja. Hulazwi pale. Unakwenda asubuhi, unapanga foleni na mateja wenzako, ukifika dirishani muuguzi anakupimia methadoni kwenye kikombe cha plastiki, dawa nyekundu, tamu mdomoni na chungu kooni. Unainywa akikutazama. Halafu lazima useme neno, ajue umemeza, maana wapo wanaoibana shavuni wakaiuze nje. Wengi husema asante. Mjomba alikuwa anasema, "Sista, leo tena umeninyima sukari," mpaka muuguzi yule, mama mnene asiyecheka ovyo, akawa anacheka kabla mjomba hajafika dirishani.

Kazi ya dawa ile ni kuizuia arosto, mateso ya mtu aliyezoea unga akaukosa: miayo, kamasi, jasho la baridi, mifupa kuuma kama inasagwa. Ukipata dozi yako kamili, siku yako inapita kama siku ya mtu mwingine yeyote. Mjomba akanenepa. Akaanza kumlalamikia mama kwamba chumvi imezidi. Tukajua binadamu amerudi.

Mwenye saluni aliyemfukuza akamwita.

"Chanuo, kiti chako kipo. Lakini nikifungua mlango nikukute umesimama hapa. Na huo mkono usitetemeke. Siku ukimkata mteja wangu, hata usiniage."

"Bosi, mkono huu ukitetemeka, ukate mwenyewe."

"Sitaki mkono wako, una kucha chafu. Njoo kazini."

Kiti kile ndicho kilichokuwa kimebaki. Mke alishaondoka, marafiki ni wale wale wa vijiweni, na jina lake mtaani lilishakuwa la kutishia watoto. Tatizo ni kwamba dirisha la kliniki lilifunguliwa saa ile ile ya saluni. Muuguzi akakuna kichwa, akaongea na daktari, wakakubali kumpa dozi za nyumbani: kila wiki anakuja mara moja, anaondoka na vichupa vyake, kimoja cha kila siku. Sharti ni awepo mtu wa nyumbani wa kuvifungia na kumpa kila asubuhi.

"Nipo," mama akasema, na mkono juu kama mwanafunzi.

Muuguzi alimweleza kila kitu. Sanduku liwe na kufuli. Ufunguo usikae na mgonjwa. Mtu mwingine asionje, dawa hii inaua asiyeizoea. Alisema yote, isipokuwa lile ambalo hakuna anayefikiria kumwambia mwanamke mzima mwenye akili zake: usiongeze maji.

Mama ni mpishi wa shule ya bweni. Maisha yake yote ni kukifanya kidogo kitoshe. Uji ukipungua, maji. Maharage yakipungua, maji. Sabuni ya kuoshea vyombo nyumbani kwetu haijawahi kwisha tangu nizaliwe, imekuwa tu ikififia. Zaidi ya hapo, bibi alifariki mjomba akiwa mchanga, na mama ndiye aliyemlea kwa maziwa ya kopo. Alimwachisha maziwa hayo kwa kuyaongezea maji siku hadi siku mpaka mtoto akayasahau bila kulia. Sasa akaona ni mtoto yule yule na kichupa kingine. Kwa akili yake, kupona ni kuacha, na dawa isiyo na mwisho ni ulevi uliovaa koti jeupe. Kwa hiyo akawa anamwaga kidogo, anajazia maji, na rangi ikipauka anadondoshea tone la rangi ya keki. Aliwaza, siku nitakapomwambia, atakuwa ameshapona.

Mjomba akaanza kupiga miayo.

"Dada, dawa hii hainishiki."

"Hukulala vizuri."

"Nimelala, na nimeloa kama nimelala mtoni."

"Basi ni joto. Feni unajua iliko."

Mjomba alicheka. Ile feni ilikuwa dawa ya kumnyamazisha, na mama aliijua dozi yake vizuri. Wiki iliyofuata kamasi zikaanza, na mjomba akawaambia wateja kwamba ana mafua. Alipomnyoa mzee mmoja ndevu, wembe ukamchezea karibu na sikio. Hakumkata. Lakini mzee aliinuka na nusu ya ndevu, akasema zinatosha, na mwenye saluni akaona.

Siku ya kliniki mjomba akamweleza muuguzi. Muuguzi akampima mkojo, ukawa safi. Akamwongezea dozi. Mama, alipoona vichupa vimejaa zaidi, akashtuka: badala ya kushuka inapanda! Akazidisha maji.

Nikifika hapa huwa natamani niruke, lakini nikiruka hamtaelewa. Mjomba aliamini kwamba mwili wake umeikataa dawa. Wenzake foleni nzima wanapona, yeye anaongezewa na bado anatetemeka. Alimwambia mama, akiwa ameyakumbatia magoti yake sakafuni, "Dada, mimi nadhani nimeshaoza ndani. Dawa inatafuta pa kushika haipaoni."

Mama akampapasa kichwa. "Vumilia, mdogo wangu. Umekaribia."

Yeye alimaanisha amekaribia kuacha.

Asubuhi moja, ili mkono utulie tu, ili mlango ukifunguliwa akutwe amesimama, mjomba akapitia kijiweni. Mkono ukatulia. Alinyoa siku nzima bila kosa, na mwenye saluni akampigapiga bega. Kesho yake akapitia tena. Wiki ilipokwisha, mkojo wake ukasema yote, na muuguzi akamfutia dozi za nyumbani. Arudi kwenye foleni, kila asubuhi. Alipofika saluni amechelewa, kiti chake kilikuwa kimekaliwa na kinyozi mwingine. Hakugombana. Alichukua koti lake, akaondoka, na hakurudi nyumbani wala kliniki.

Mama akaenda kwa muuguzi kumtetea, na mimi nikafuatana naye.

"Mama, nami nimeumia," muuguzi akasema. "Lakini dozi kubwa namna ile haimshiki vipi? Huyo alikuwa na lake moyoni."

Mama alitazama vidole vyake. "Nilikuwa natia maji."

Muuguzi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliuliza, "Kiasi gani?"

"Mwanzo kidogo. Mwisho, maji yalikuwa mengi kuliko dawa."

"Mlete," muuguzi akasema taratibu. "Mwambie haikuwa yeye. Tutaanza naye upya, kidogo kidogo, hapa hapa dirishani. Mlete tu."

Tulimkuta nyuma ya gereji ya malori, kwenye kivuli cha kontena bovu, amekonda kama waya. Mama aliketi chini, yeye na gauni lake la kazini, kwenye mchanga uliolowa oili. Akamwambia kila kitu: kumwaga, kujazia, rangi ya keki, maziwa ya kopo. Alilia kwa sauti, na mateja wengine kwa heshima wakageuka pembeni.

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, akamfuta mama machozi kwa kiganja kichafu.

"Dada, wewe unanipenda sana."

"Nakwambia kweli! Dawa inakufaa. Hukuwahi kuinywa yote!"

"Najua, najua. Tangu utotoni ndivyo ulivyo, nikivunja sahani unasema umevunja wewe." Akanigeukia. "Mpwa wangu, mpeleke mama yako nyumbani. Jua ni kali."

Nikasema, "Mjomba, ni kweli. Naapa."

"Na wewe kakufundisha uongo," akasema, bila hasira hata chembe.

Mama akamshika mkono, akaapa kwa kaburi la bibi, akaapa kwa macho yake. Kila alivyozidi kuapa, mjomba alizidi kumhurumia. Mwishowe aliuondoa mkono wake kwa upole, akajilaza upande, akatugeuzia mgongo.